Fundi anayekata taa ya tablo anauza maisha ya abiria wa RN27

BUNIA – Kupamba gari si zambi. Fundi wa umeme anayetoa ampuli za zamani katika tablo na kuweka taa ndogo za LED za bluu, ama anayeunga kipimo kipya cha joto la moteri kwa kifaa cha bei ndogo kama Arduino, anastahili pongezi. Ituri inahitaji vijana wa akili hiyo. Lakini kuna kazi nyingine inayojificha ndani ya jina hilo la ufundi, na wakaaji wa Bunia na Djugu wanapaswa kuikataa waziwazi: kuzima taa nyekundu za hatari ili gari liuzwe ama lipakie watu.

Taa ya mafuta ya moteri inawaka wakati presha ya mafuta imeshuka. Ikiwaka njiani, dereva anapaswa kusimama na kuzima moteri palepale, kwani dakika chache zinatosha kuiunguza. Mwenye gari asiyetaka gharama anamwita fundi, na fundi anakata waya. Fundi mjanja zaidi anaunga taa hiyo pamoja na taa ya betri. Hivyo inawaka dereva akitia kontakti, inazimika moteri ikianza kuzunguka, na kila mtu anafikiri gari ni zima.

Kilometri nazo zina uongo wake. Katika gari za kisasa hesabu hiyo inahifadhiwa ndani ya chipu, na mtu mwenye ordinateri na waya wake anaweza kuandika namba anayotaka. Gari lililotembea kilometri 280 000 linasomeka 90 000. Ujerumani, tangu 2005, sheria inamhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu, naye anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Huku kwetu anaitwa mwerevu.

Wenye gari wanajitetea: vipuri ni gali, barabara ni mbovu, pesa hakuna. Yote ni kweli. Lakini sensa ya presha haifikii hata kidogo bei ya moteri nzima. Na umaskini wa mwenye gari haumpi haki ya kumficha abiria hatari ambayo yeye mwenyewe anaijua.

Na hatari hiyo si ya moteri peke yake. Tangu Desemba 2017 vita vimewahamisha watu wengi wa Djugu. Kwenye barabara ya Bunia, Iga-Barrière, Djugu hadi Mahagi, hakuna anayechagua mahali gari litakapozimikia. Mama anayetoka kwenye kambi ya wahami kwenda kutazama shamba lake, watoto mgongoni na mizigo juu, amelipa nauli ili afike kabla ya giza. Moteri ikikwama porini, ni yeye anayelala huko, si fundi aliyekata waya.

Kwenye vizuizi dereva anaulizwa karatasi. Nani anamwambia atie kontakti ili taa zionekane? Ukaguzi huo hauhitaji mashini wala pesa. Taa nyekundu za mafuta na za betri ziwake kwanza, kisha zizimike moteri ikishika. Taa isiyowaka kabisa imekatwa ama imekufa, na gari hilo lisipakie mpaka litengenezwe. Mashirika ya madereva yanaweza kuanza kazi hiyo kesho asubuhi kwenye parking, bila kungoja amri kutoka Kinshasa.

Mafundi nao wajue kwamba hata urembo una masharti. Katika gari nyingi za zamani, ampuli ya betri inasaidia kuamsha alternata. Ukiweka LED bila rezistansi, betri inaweza kukosa chaji. Anayejua hilo atengeneze. Asiyejua aulize. Anayejua na bado anakata waya, jina la fundi halimfai.