Mboga na Matunda Songea: Mahubiri Hayatoshi

Mkoa wa Ruvuma huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Kila mwaka baada ya mavuno, malori husheheni mahindi katika wilaya za Songea, Namtumbo na Mbinga, na kuyapeleka katika sehemu zenye upungufu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 44 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu: Ruvuma ilishuka hadi karibu 36, na taifa hadi 30. Nafuu hiyo ni ya kushukuriwa, lakini haiondoi swali. Yawezekanaje ghala likajaa, na mtoto anayelala kando yake akadumaa?

Jibu lake ni kwamba kushiba ni jambo moja na kupata lishe ni jambo jingine. Ugali wa mahindi meupe huutia mwili nguvu, lakini punje za mahindi hayo hazina vitamini C, na vitamini A iliyomo ni kama hakuna. Hata madini ya chuma yaliyomo hayafyonzwi vizuri, kwa kuwa yamefungamana na asidi ya fitiki. Hapo ndipo matunda na mboga vinapohitajika. Vitamini C ya tunda linaloliwa pamoja na mlo huusaidia mwili kuyapata madini hayo. Wala tunda hilo si lazima litoke mbali, kwa maana pera la kawaida, lile ambalo watoto huliangua njiani watokapo shuleni, lina vitamini C ipatayo mara nne ya ile iliyomo katika chungwa la uzito huohuo. Chai, kinyume chake, huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe, hivyo ni afadhali isinywewe pamoja na chakula. Majani ya maboga, mchicha, mnafu, matembele na majani ya kunde yana chanzo cha vitamini A, pamoja na asidi ya foliki ambayo mama mjamzito huihitaji tangu siku za mwanzo kabisa za mimba. Mafuta kidogo hurahisisha ufyonzaji wa vitamini A, na karanga, ufuta na alizeti hulimwa mkoani humohumo.

Si kweli, hata hivyo, kwamba mchicha peke yake utaondoa udumavu. Mtoto huhitaji pia maharage, dagaa wa Ziwa Nyasa, mayai au maziwa. Huhitaji maji safi ili asiharishe mara kwa mara, na mama asiyefanya kazi nzito mno wakati wa ujauzito. Lakini katika mambo hayo yote, mboga na matunda ndiyo yaliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba, na ndiyo yaliyopuuzwa zaidi.

Mahindi hayakutawala kwa bahati

Wapo wanaodhani kwamba wananchi hawali mboga na matunda ya kutosha kwa sababu hawajui faida yake, na kwamba dawa ni kuwaelimisha. Dhana hiyo ina ukweli kidogo na kosa kubwa. Mwanamke aliyekulia kijijini anazijua aina nyingi za mboga za majani, zilizopandwa na zinazojiotea, kuliko yule anayekuja kumhubiria. Watoto wanayajua masuku na matunda mengine ya miombo bila ya kufundishwa na mtu. Upungufu uko mahali pengine, na historia ya mahindi yenyewe yaonyesha ni wapi.

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, hivyo mkulima wa Songea, aliye mbali na Dar es Salaam na mbali na reli, akalipwa sawa na mkulima aliye karibu na soko. Mbolea ilitolewa kwa ruzuku, mbegu bora zikasambazwa, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami kutoka Makambako ikafika Songea. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi mkoani humo na kuyahifadhi. Bei, mbolea, mbegu, barabara, mnunuzi na ghala: hayo ndiyo yaliyoufanya mkoa huu kuwa wa mahindi. Hakuna aliyetegemea kwamba hotuba peke yake ingeyaotesha.

Mboga na matunda, kwa upande wake, vilipewa maneno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vikundi hivyo vilipomaliza kusikiliza vilikwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyotumia njia hiyohiyo kufundisha juu ya chakula bora. Kampeni zote mbili zilikuwa za maana kubwa. Lakini tofauti yake yafaa izingatiwe: choo kikichimbwa mara moja hudumu miaka, bali bustani hudai maji, mbegu na mikono kila siku. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayanyweshei tuta la mchicha mwezi wa Septemba.

Hesabu ya bustani

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kila mtu aliyetimiza miaka 10 ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Basi nyumba yenye baba, mama, mtoto wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4 huhitaji gramu 1,400 kwa siku, yaani karibu kilo 10 kwa juma. Kiasi hicho hakipatikani kwa matuta mawili yaliyopandwa siku ya sherehe na kusahauliwa. Chahitaji mpango wa mwaka mzima.

Mpango huo hauna budi kufuata majira ya Songea. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo majani ya maboga na kunde hupatikana kwa wingi shambani, na maembe huiva hata yakaozea chini ya miti. Shida huja wakati wa kiangazi. Hapo mboga hutegemea mabonde na vijito, vikiwamo vile vinavyoshuka kutoka Milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ni haki, kwa sababu chanzo kikikauka bustani nayo imekwisha. Njia iliyobaki ni kuyapeleka maji kwenye bustani badala ya kuipeleka bustani kwenye maji: visima vifupi, matangi ya maji ya paa, na magunia ya udongo yanayonyweshewa kwa maji yaliyooshewa mboga na nafaka.

Upande wa matunda, mpapai wafaa utangulizwe, kwa kuwa huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi na hauna msimu mmoja tu. Migomba, mipera, michungwa na miembe iliyobebeshwa ifuate. Parachichi limekuwa zao la fedha katika Nyanda za Juu Kusini, nalo ni jambo jema. Ila nyumba inayouza yote isije ikanunua soda kwa fedha zilezile.

Kazi hii ni ya nani?

Swali hili huepukwa mara nyingi. Shamba la mahindi ni la nyumba nzima, na mara nyingi fedha zake hushikwa na mume. Bustani ya mboga huhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke, aongezee juu ya kuchota maji, kuokota kuni, kupika na kulea. Kumwambia mama huyo apande mboga zaidi bila ya kumpunguzia kazi nyingine ni kumwongezea mzigo kwa jina la afya. Pale ambapo mume na vijana huchota maji ya bustani, bustani huwa na nafasi ya kudumu. Pale ambapo mama ameachiwa peke yake, hunyauka, na lawama humwangukia yeye.

Elimu inayohitajika ni ile iliyo mahususi. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zichemshwe kwa muda mfupi kwa maji machache, na mchuzi wake usimwagwe, kwa sababu vitamini C huyeyukia majini na huharibiwa na moto mwingi. Kisamvu ni mbali na kanuni hiyo: sharti kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake iondoke. Mboga za akiba ya kiangazi zitumbukizwe kidogo katika maji yanayochemka, kisha zikaushwe kivulini penye hewa, kwa maana jua kali huharibu sehemu kubwa ya chanzo cha vitamini A.

Yaliyobaki ni kazi ya uongozi. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe, na halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha hizo ni chache, na zikiishia katika semina hazitaonekana sahanini. Sehemu yake inunue mbegu za mnafu, mchicha na kunde, ichimbe visima na kusimamisha vitalu vya miche katika shule za msingi. Afisa ugani afikapo nyumbani kwa mkulima akague bustani kama akaguavyo shamba la mahindi, naye aulizwe habari zake katika taarifa yake ya mwezi. Mahindi yaliaminiwa kuwa ni zao, yakahudumiwa kama zao. Siku mboga na matunda vitakapopewa heshima hiyo Songea, hapatakuwa na haja kubwa ya kuwahimiza watu wavile.