Usalama wa simu: RAM ilifutwa, kazi yenyewe bado kuanza

Ukitaja usalama wa simu kwenye soko la Kadutu ao Nyawera, watu wengi watakumbuka kwanza RAM. Ndilo jina lililobaki vichwani: Registre des appareils mobiles, daftari la vifaa vya simu, lililoanza kukata yunite za watu mwaka 2020. Kwa simu ya 2G ilikuwa karibu dola 1 kwa mwaka, kwa 3G na kuendelea dola 7, na zilikatwa kidogo kidogo kila mara mtu anapoweka yunite. Serkali, kupitia wizara ya posta na mawasiliano na mamlaka ya ARPTC, ilieleza kwamba lengo ni kupiga vita simu bandia na wizi. Watu walilalamika, Bunge likamuita waziri Augustin Kibassa mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 makato yakafutwa.

Kilichofutwa ni makato. Swali la usalama lilibaki palepale, na tangu siku hiyo limekuwa zito zaidi, hasa huku kwetu mashariki.

Tuanze na daftari lenyewe, maana wazo lake halikuwa la uongo. Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# utaiona. Simu ikiibiwa, mtandao unaweza kukataa namba hiyo. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikafanya hivyo mwezi wa 6 mwaka 2016. Ila fundi mwenye vifaa anaweza kubadilisha IMEI, na simu iliyofungwa Bukavu itaendelea kulia bila shida Kamembe ao Bujumbura ikiwa nchi jirani hazina orodha moja. Mipaka ya Ruzizi, simu inaivuka mfukoni kwa dakika chache.

Tena daftari halioni ndani ya simu. Mwaka 2020, watafiti wa Secure-D walikuta programu za wizi, Triada na xHelper, ndani ya simu mpya za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Ghana, Misri na Afrika ya Kusini. Mwenye simu aliandikishwa kwenye huduma za kulipia bila kujua, yunite zikaisha. Kampuni ya Transsion, mwenye Tecno, ilisema kosa lilitoka kwa mmoja wa waliohusika kabla simu haijafika sokoni. Sawa. Lakini simu hizo zilikuwa halali na IMEI zao safi: daftari lingezipitisha zote bila swali. Ili kuzikamata ilibidi mtu afungue simu, aangalie programu inatuma nini na wapi. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti, na Kongo haijaipangia nafasi ya kueleweka.

Kwa nini Bukavu iwe na haraka? AFC/M23 ilipoingia mjini katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, benki zilifunga milango. Mshahara, karo ya mtoto, pesa ya dawa, akiba ya likelemba, vyote vikategemea zaidi M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ndiyo kusema simu imekuwa sanduku la pesa, na funguo yake ni tarakimu chache ambazo mama mwingi wa soko anamuomba mtoto ao wakala amubonyezee, sababu maandishi ya menyu yanamshinda. Mtu akipiga simu na kusema, « Mama, nimekosea kukutumia pesa, unirudishie », hakuna programu inayomlinda.

Utafiti wa nchi kubwa haujibu hilo. Mwaka 2017 wizara ya usalama wa ndani ya Marekani ilipeleka kwa wabunge ripoti nzima juu ya usalama wa simu, lakini iliangalia simu zinazotumiwa na serkali yao. Hapa watu wanatumia simu ya vibonyezo, ao Android iliyonunuliwa mtumba ambayo mtengenezaji ameacha kuitumia marekebisho. Wanatumia 2G, ambayo tangu 2009 watafiti walionyesha kwamba usimbaji wake unavunjika. Maonyo ya wizi yanapaswa kusikika kwa Kiswahili na Mashi, tena kwa sauti. Nani atapima mambo hayo kama si vyuo vikuu vya hapa, UOB, UCB, ISP, vyenye wanafunzi wa informatiki wanaotafuta somo la memwari kila mwaka?

Shida ni pesa ya kudumu. Somo liko karibu, Goma: msaada wa nje kwa kituo cha kuchunguza volkano ulipoisha mwaka 2020, watafiti walikaa miezi mingi bila intaneti ya kupokea habari za mitambo yao, na Nyiragongo ililipuka tarehe 22/5/2021. Lwiro pia, kituo kilichoanza 1947, kinajua maana ya kuwa na maabara bila bajeti. Kama makato ya RAM yangetengewa fungu la utafiti, linalosomwa hadharani kila mwaka, pengine mabishano yangekuwa mengine.

Sheria zipo. Sheria 20/017 ya 2020 inahusu mawasiliano. Kode ya kidijitali ya tarehe 13/3/2023 inaweka wakala wa usalama wa mtandao na mamlaka ya kulinda habari za watu. Lakini ziliandikwa Kinshasa, na Bukavu ya leo iko mikononi mwa wengine.

Hapo ndipo swali gumu zaidi, ambalo mwaka 2020 halikuulizwa sana. Daftari linalounganisha simu na jina la mwenyewe ni orodha ya watu, pia ya mahali wanapopita. Mwenye mji akibadilika, orodha haihami. Mtu yeyote atakayepanga upya usalama wa simu anapaswa kueleza, kabla ya bei na kabla ya mashine, orodha hiyo itakaa wapi, nani ataifungua, na nani ataweza kuifuta usiku mmoja ikihitajika.