MAONI: Feza ya zamani ya Waingereza, ni mali ao ni mutego?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuko habari moja inayozunguka katika interna ya wavulana, na hata kwa wasichana imefika. Inasemwa kwamba mutu akiwa na feza ya chuma ya zamani ya Waingereza, yeye ni tajiri. Inasemwa tena kwamba ikiwa feza ile iko na kosa, kama vile maandishi yalikosewa ao tarehe haiko, basi bei yake inapita bei ya nyumba. Picha zinapita katika simu, na chini ya picha kumeandikwa hesabu kubwa kubwa.

Wamoja wanacheka tu. Lakini wengine wamekwisha kutoa feza ya kweli. Mwanafunzi mumoja alinunua peni ya Uingereza ya mwaka 1967 kwa mutu fulani aliyepita hapa, na franka alizolipa zilikuwa sehemu ya minervali yake. Ndiyo sababu ninaandika. Neno langu ni hili: kukusanya feza za zamani ni kazi nzuri ya akili, lakini anayetafuta ndani yake utajiri wa haraka atakuwa chakula cha wajanja.

1. Uzee si bei

Peni ile ya 1967 ni kitu gani? Zamani pauni moja ya Uingereza iligawanywa kwa shilingi 20, na kila shilingi kwa peni 12. Maana yake peni 240 kwa pauni moja. (Ni shilingi ile iliyotoa jina la feza za jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania.) Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza waliacha hesabu ile, wakaanza kuhesabu peni 100 kwa pauni. Lakini mbele ya kuiacha, kiwanda chao cha feza, kinachoitwa Royal Mint, kilipiga peni zaidi ya milioni 600 zenye tarehe ya 1967. Hata katika miaka iliyofuata walizidi kuandika 1967 juu yake. Milioni mia sita! Kitu ambacho babu na bibi wengi kule wamesahau ndani ya kopo, nani atakilipa bei ya ng'ombe?

Sasa tuangalie peni nyingine, ya 1933. Kwa sura ni ndugu yake: ni ya bronzi, upande mumoja kichwa cha mufalme George V, upande mwingine yule mwanamuke Britannia anayekaa na mukuki mukononi. Lakini mwaka ule mabenki yalikuwa na peni za kutosha, hayakuomba zingine. Kiwanda kilipiga chache sana, na zinazojulikana leo ni kama saba tu. Kulikuwa desturi ya kuweka feza za mwaka chini ya jiwe la musingi wakati wa kuanza kujenga nyumba kubwa. Hivi peni moja ya 1933 iliwekwa chini ya jiwe la Universite ya London, na mbili zingine chini ya mawe ya makanisa mawili ya muji wa Leeds.

Hapa kuko jambo la kufikiri kwa sisi watu wa kanisa. Katika mwaka 1970, wakati wa kazi za ujenzi katika kanisa moja kati ya yale mawili, wezi waliiba feza zilizokuwa chini ya jiwe, na peni ya 1933 ilikwenda pamoja nazo. Askofu wa Ripon alipoona vile, aliagiza ile ya kanisa la pili ichimbuliwe na kuuzishwa, mbele wezi hawajafika. Iliuzishwa katika munada mu London mwaka 1972.

Mutu anaweza kusema askofu alikosa, sababu kitu kilichowekwa wakfu hakipashwe kwenda sokoni. Mimi ninasema alitenda vizuri. Jiwe la musingi liliwekwa kwa kushika kanisa, halikuwekwa kwa kuchunga hazina. Siku watu walipoanza kutazama jiwe kwa sababu ya peni, peni ile iligeuka hatari kwa kanisa lenyewe. Kitu ambacho ulikichunga, nacho sasa kinavunjisha nyumba yako, ukiondoe.

Basi fundisho la kwanza ni hili: bei haitoke katika miaka. Inatoka katika hesabu tatu. Ngapi zilipigwa na ngapi zinabaki? Ile yako iko katika hali gani? Na watu wangapi wanaitaka? Kuko feza za Waroma zilizochimbwa katika mashamba ya Uingereza, zenye miaka zaidi ya 1600, nazo zinauzishwa kwa pauni chache tu juu ziko nyingi. Na kuko feza za juzi juzi zinazozipita mbali.

2. Kosa lenye bei, na kosa lisilo na bei

Watu wengi wanasema "kosa, kosa", lakini hawajui feza ya chuma inatengenezwa namna gani. Mashine inakata vipande vya mviringo katika bamba la metali. Vipande vinapashwa moto kusudi vilainike, vinaoshwa, kisha kila kimoja kinawekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, moja chini na moja juu, ndani ya pete inayoshika ukingo. Chapa zinagonga mara moja kwa nguvu, na feza imezaliwa.

Kosa la kweli linazaliwa palepale. Kama kipande hakikukaa katikati, sura inakwenda upande. Kama mashine ya kukata ilikata pale ilipokwisha kukata, feza inatoka kama mukate ulioumwa na panya. Kama feza moja ilibaki imenata kwa chapa, ile inayofuata inapokea sura yake kwa kinyume, imeingia ndani kama alama ya muguu katika matope. Na kama mufanyakazi alifungia chapa mbili zisizopaswa kuwa pamoja, feza inatoka na vichwa vya nyakati mbili tofauti.

Nitoe mifano miwili. Tangu 1971 feza ya peni mbili iliandikwa maneno NEW PENCE, maana yake "peni mupya". Katika 1982 walibadilisha, wakaandika TWO PENCE, "peni mbili", sababu peni hazikuwa mupya tena. Lakini katika 1983 chapa moja ya zamani ilirudi kazini, na peni mbili chache za mwaka ule, zilizotiwa katika pakiti za wakusanyaji, zilitoka na NEW PENCE. Hizo ziko na bei. Angalia sasa ujanja: kuko mutu anakuonyesha peni mbili ya 1971 ao ya 1979 yenye NEW PENCE, na anasema "ndiyo ile ya kosa". Hapana! Zile zote za miaka ile ziko na NEW PENCE, na bei yake ni peni mbili. Kosa ni la 1983 tu.

Mufano wa pili ni wa 2008. Waingereza walitoa sura mupya za feza zao. Kwa ile ya peni 20, tarehe ilikuwa upande wa nyuma. Katika sura mupya waliihamisha kwa upande wa kichwa cha malkia. Lakini mutu mumoja alifungia upande mupya wa nyuma pamoja na kichwa cha zamani. Tarehe ikakosekana pande zote mbili! Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 300 feza ya Uingereza kuingia katika mikono ya watu bila mwaka. Ni kosa la kweli na ni la kuchekesha. Lakini maelfu na maelfu yalitoka, kwa hiyo bei yake ni pauni makumi tu. Wale walioomba maelfu ya pauni waliomba bure.

Upande mwingine kuko "makosa" yaliyotengenezwa nyuma ya kiwanda. Feza iliyogongwa na nyundo, iliyokwanguliwa, iliyokaa katika asidi, haiko feza ya kosa. Ni feza iliyoharibika. Ile yenye vichwa viwili, mara nyingi mutu alichimba feza moja ndani na kuingiza nusu ya nyingine; tazama vizuri kando ya ukingo, utaona mustari mwembamba, na ukiidondosha juu ya meza sauti yake si safi. Peni za 1933 za bandia zimefanywa kwa kukwangua tarimu ya mwisho ya mwaka mwingine na kuigeuza 3. Basi mizani ndogo, kioo cha kukuza na masikio vinafaa kuliko maneno matamu ya muuzaji.

Ninyi mumewahi kujiuliza juu ya nini kosa la kiwanda kile liko na bei? Ni kwa sababu kwa kawaida kiwanda hakikosi. Isaac Newton, yule tunayemusoma katika fizika, aliingia kazini pale mwaka 1696, akawa mukubwa wake tangu 1699 mpaka kufa kwake katika 1727, na alifuata wapigaji wa feza za uongo mpaka mbele ya waamuzi. Tena tangu karne ya 13 kuko desturi ya kuchagua feza kati ya zile zilizopigwa na kuzipima mbele ya mashahidi wasio wa kiwanda. Pahali watu wanapopima namna ile, kosa moja ni ajabu. Pahali kila kitu kinakosewa, nani atanunua kosa? Hiyo neno inatuhusu na sisi. Mwanafunzi anayesema kweli siku zote, siku akikosa watu watashangaa. Mwenye kusema uongo kila siku, hata kweli yake haina bei.

3. Munada unafanya kazi namna gani

Munada ni kuuzisha kitu mbele ya watu wengi. Anayetaja bei ya juu ndiye anabeba. Mu London nyumba za munada zinatoa kwanza kitabu chenye picha ya kila kitu, namba yake, hali yake na bei wanayokadiria. Siku yenyewe mwenye kuuzisha anapiga nyundo, na imekwisha.

Lakini bei ya nyundo siyo ile utalipa! Tufanye hesabu. Nyundo imepigwa kwa pauni 100. Nyumba inaomba fungu lake kwa munuaji. Tuseme 20 kwa 100, kuko zinazoomba zaidi. Hiyo ni pauni 20. Juu ya fungu lile serikali inatoza kodi ya 20 kwa 100, maana yake pauni 4. Sasa umefika 124, na bado feza ya posta na ya duane. Kesho ukitaka kuuzisha katika munada uleule, watakata tena fungu kwa muuzaji. Kwa hiyo mutu anayenunua leo na kuuzisha kesho, hata bei ikibaki ileile, amekwisha kupoteza.

Jambo lingine: bei ya munada ni ya watu wawili wenye kushindana siku moja. Wakiwa wawili wenye moto, bei inapanda mpaka juu ya muti. Akiwa mumoja tu, inabaki chini. Ndiyo maana wenye akili wanaandika bei yao ya mwisho siku mbele, na wanafunga kinywa ikifikiwa. Tena bei iliyoombwa katika simu siyo bei iliyolipwa. Kila mutu anaweza kuandika milioni chini ya picha. Uliza: nani alilipa, na lini?

Ni kweli, kuko bei kubwa sana. Mufalme Edward VIII aliingia katika kiti Januari 1936, akakiacha Desemba mwaka uleule, na feza zake zilikuwa bado hazijatolewa kwa watu. Chache zilizopigwa kwa kujaribu zilibaki. Moja ya zahabu, ya pauni moja, yenye tarehe 1937, ililipwa pauni milioni moja mwaka 2020. Lakini ile haikutoka katika mufuko wa mupita njia. Feza kama zile zinajulikana moja moja, na historia ya kila mukono iliyozishika imeandikwa.

4. Basi tufanye nini?

Wamoja kati ya wakubwa wetu wanasema kukusanya feza ni kupenda feza, na kupenda feza ni mubaya. Ninaheshimu neno lao, lakini sikubali lote. Anayependa feza anaitaka kwa kutumia ao kwa kurundika. Mukusanyaji wa kweli anaisoma. Feza za Uingereza zinamwambia kwamba mpaka 1919 shilingi ilikuwa karibu yote metali ya feza, tangu 1920 nusu tu kwa sababu vita ilimaliza mali, na tangu 1947 hakuna hata kidogo, ni shaba na nikeli. Hiyo ni historia ya vita mbili ndani ya kiganja cha mukono. Yule mwanamuke wa katika Injili ya Luka aliwasha taa na kufagia nyumba kwa feza moja iliyopotea, na Bwana hakumulaumu.

Na sisi tuko na zetu. Katika vijiji vyetu kuko bado piesi za shaba zenye tundu katikati, kuko ya franka mbili ya 1943 yenye pembe sita na tembo, kuko likuta na makuta za 1967. Kule Katanga kuko misalaba ya shaba ya wazee. Mutu anayepita na kuomba "vyuma vya zamani" kwa bei ya sukari, musimupe upesi. Na musizisugue na muchanga ao limau zingare. Feza iliyosuguliwa inapoteza bei na historia pamoja.

Ninaomba Prefe na Komite ya wanafunzi watupatie sanduku moja yenye kioo katika biblioteki. Kila mutu alete feza moja ya kwao, pamoja na karatasi: ni ya mwaka gani, metali gani, ilitoka kwa nani. Feza itabaki ya mwenyewe, na mwisho wa mwaka atairudisha nyumbani. Kwa njia hiyo tutajifunza kutazama, kupima na kuuliza, na mutu wa kupita na peni yake ya 1967 hatapata tena munuaji hapa.

Minervali, tafazali, ilipwe kwa ekonoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagozi