Anayetaka kuuza nyumba upesi aanze na hati, si rangi

KATIKA mitaa ya Nairobi, Ruiru, Kitengela na Nyali, si ajabu kuona bango la nyumba inayouzwa likipauka kwa jua na mvua hadi maandishi yakafifia kabla ya mnunuzi kupatikana. Mwenye nyumba huwalaumu madalali, kisha hulaumu uchumi. Hatimaye humwita fundi apake rangi mpya, akitumaini kwamba kizuri chajiuza, kama walivyonena wahenga.

Methali hiyo ina ukweli wake. Paa linalovuja, mifereji isiyo na maji na ukuta wenye nyufa humfukuza mteja hata kabla hajauliza bei. Lakini katika soko la nyumba nchini Kenya, kizuizi kikubwa zaidi ni shaka. Mnunuzi anaweza kuvumilia rangi iliyochujuka. Asichoweza kuvumilia ni kununua kesi.

Hofu hiyo ina msingi. Mnamo Oktoba 2023, matingatinga yaliangusha nyumba za watu huko Mavoko, Kaunti ya Machakos, katika ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Aprili mwaka uo huo, Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwamba hati ya kumiliki ardhi haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi hiyo ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Tangu hapo, wakili makini hatosheki na kuitazama hati tu, bali hufuatilia historia ya ardhi hadi chimbuko lake.

Isitoshe, wanunuzi wengi hawategemei mkopo wa nyumba wa benki. Mwaka wa 2023, mikopo ya aina hiyo ilikuwa takriban 30,000 pekee katika taifa lenye zaidi ya watu milioni 50. Wengi hutumia akiba, mikopo ya vyama vya ushirika au michango ya jamaa walio ng'ambo. Anayeweka mezani jasho la miaka 20 hawezi kuharakishwa na pazia jipya.

Kwa hivyo, muuzaji mwerevu huandaa stakabadhi kabla ya kusimamisha bango. Kwanza, ahakikishe kwamba rekodi za sajili ya ardhi zinalingana na hati aliyo nayo. Ikiwa nyumba ingali katika jina la marehemu, sheria ya urithi hairuhusu iuzwe kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi. Ikiwa ni makao ya wanandoa, mwenzi wake sharti aridhie kwa maandishi. Ni mauzo mangapi yamevunjika baada ya arbuni kulipwa, kwa sababu mke au ndugu alijitokeza akisema hakushauriwa?

Aidha, alipe malimbikizo ya ada za kaunti na, ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali, kodi yake pia. Iwapo nyumba imewekwa rehani, aombe benki barua inayoeleza salio la deni. Asisahau pia kodi ya faida inayotokana na mauzo, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mnamo Januari 2023. Hata hivyo, mtu aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo. Asiyelijua hili huongeza bei bure na kuwatisha wateja.

Kuhusu bei, wengi hukosea kwa kujumlisha walichotumia kujenga, kisha wakaongeza thamani ya machozi yao. Soko halilipi kumbukumbu. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa itamwonyesha muuzaji bei ya haki na kumpa mnunuzi sababu ya kuiamini.

Serikali nayo haiwezi kukwepa lawama. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kuanzia Nairobi, ulikusudiwa kupunguza safari za kwenda katika ofisi za ardhi na kuzima ulaghai. Maadamu baadhi ya rekodi hazijasafishwa, muuzaji mwaminifu ataendelea kuadhibiwa pamoja na tapeli.

Kuchelewa huku kuna gharama. Anayeuza nyumba mara nyingi ana mgonjwa hospitalini, karo ya mwana au deni linalokaribia mnada. Shida inapombana huku hati zikiwa hazijakamilika, huangukia mikononi mwa walanguzi wanaojua kwamba hana muda, wakainunua kwa bei ya kutupa. Stakabadhi zilizo tayari humpa nguvu ya kusubiri bei inayofaa, na humpa mnunuzi ujasiri wa kuilipa.