Rafiki Asiyejua Kama Mungu Yupo: Tumpe Kitabu Gani?



Karibu kila kundi la vijana linamfahamu mmoja: aliimba katika kwaya, akasoma masomo ya Misa, kisha akaanza kuketi nyuma, na hatimaye hakuonekana tena. Ukimwuliza, hasemi kwamba Mungu hayupo. Husema tu kwamba hajui. Wenye msimamo huo huitwa waagnostiki. Huku Mpofi, ambako Masisi na Walikale zinapakana, "sijui" hiyo mara nyingi haikuzaliwa katika falsafa. Ilizaliwa njiani, watu wakikimbia vita na kuwazika wapendwa wao mahali wasipojua kama watarudi. Mwenzetu mmoja aliuliza kikaoni Mungu alikuwa wapi siku hizo. Tulimjibu kwamba imani yake ni haba, tukaendelea na ajenda. Hakurudi tena. Kosa hilo ni letu.

Je, akirudi, tumpe nini asome? Wengi wetu tungetafuta kijitabu chenye majibu tayari. Sisi twaona heri tuanze na vitabu ambavyo waandishi wake hawakulikimbia swali.

Cha kwanza kimo tayari katika Biblia zetu: Kitabu cha Yobu. Marafiki wa Yobu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipofungua vinywa, walimtetea Mungu kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Lakini mwishoni Mungu aliwakemea wao, akasema kwamba Yobu mlalamikaji ndiye aliyenena sawasawa. Anayewashauri wenye majonzi asome sura ya 42 kabla ya kusema lolote. Kisha kuna Mhubiri, ambaye hakuficha kwamba mambo mengi chini ya jua hayakumwelea.

Cha pili ni Maungamo ya Mtakatifu Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria. Kabla ya kubatizwa mwaka 387 aliwafuata Wamanikea kwa miaka mingi, kisha akavutwa na wanafalsafa waliofundisha kwamba binadamu hawezi kuwa na hakika ya jambo lolote. Agostino alijua mashaka kwa kuishi ndani yake.

Cha tatu ni kurasa chache tu za Mtakatifu Tomaso wa Akwino, pale anapouliza katika Summa kama Mungu yupo. Anaanza na pingamizi: uovu umejaa duniani, tena mambo ya ulimwengu yaonekana kuelezeka bila Mungu. Anazitaja kwa nguvu zake zote, ndipo anajibu. Anayeogopa kusikia hoja ya mwenzake hajajifunza kwa Tomaso.

Cha nne kitawashangaza baadhi yetu. Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa nchi yetu, alizaliwa Likasi mwaka 1941. Akiwa kijana aliingia utawa wa Wabenedikto nchini Rwanda, akautoka, akawa mwanafalsafa mashuhuri, na akajitambulisha kuwa mwagnostiki. Alifariki mwaka 2025. Riwaya yake Entre les eaux, ya mwaka 1973, yasimulia habari za padri Pierre Landu, anayeiacha misheni na kujiunga na waasi msituni akitafuta haki kwa maskini. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa uzito wa uchaguzi huo, wala maswali unayoyaacha moyoni.

Mtu atasema: kwa nini tumpe kijana kitabu cha aliyeiacha imani? Ni kweli kwamba kitabu chaweza kumtikisa msomaji, na ndiyo sababu hatupendekezi asome peke yake. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikiri kwamba waamini wenyewe waweza kuchangia kuzaliwa kwa ukanamungu, kwa kufundisha imani vibaya au kwa maisha yasiyolingana nayo. Aliyeondoka huenda anatuonyesha mahali tulipomwangusha.

Basi twapendekeza hivi. Vitabu ni adimu kwetu, na nakala moja au simu moja yatosha watu watano, mmoja akisoma kwa sauti na kuwafafanulia wenzake Kifaransa kinapokuwa kigumu. Sisi tuchague kitabu kimoja, na rafiki yetu mwenye mashaka achague kingine, nasi tukisome hadi mwisho kwa uaminifu uleule tunaoutaka kwake. Tusimwekee siku ya kuamini, maana imani ni zawadi ya Mungu. Kilicho juu yetu ni kwenda kwake wiki hii, kumwomba msamaha, na kumwuliza swali lake lilikuwa lipi.