Neno "Sugu" na Mgonjwa wa Garissa

Wapenzi wa Kiswahili, huwa tunalumbana juu ya istilahi za isimu na fasihi tukijua kwamba tukikosea hapana atakayeumia. Leo naomba tulitazame neno ambalo laweza kumuumiza mtu. Neno lenyewe ni "sugu".

Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, mathalani katika kiganja cha mkulima au paji la uso la mtu wa sijida. Wataalamu wa tiba wamelichukua neno hili na kulitumia mara mbili. "Maradhi sugu" ni yale yasiyoisha, kama kisukari, shinikizo la damu na kifafa. "Usugu wa dawa" nao ni hali ya vijidudu kutodhurika tena na dawa. Basi muuguzi akimwambia mzee wa Garissa, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, kwamba kisukari chake ni ugonjwa sugu, mzee ana haki ya kuelewa kuwa hakuna dawa itakayokiweza. Tena aghalabu huongezewa kwamba "mwili umeizoea dawa", akaona heri aiache.

Kauli hii ya kuzoea inaficha mambo matatu yasiyofanana. Kuna mwili unaozoea kweli: mgonjwa wa kifafa anayemeza fenobabitoni kwa miaka, au wa saratani anayetulizwa maumivu kwa mofini, huenda akahitaji kuongezewa kipimo. Huyu akiiacha dawa ghafla hujitia hatarini. Wa kifafa aweza kupatwa na degedege mfululizo. Kisha kuna maradhi yanayoendelea kukua. Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho huzidi kuchoka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa sukari hupanda tena kadiri miaka inavyopita hata kwa wanaotibiwa vyema. Hapo dawa haijazoewa, inahitaji mwenziwe.

La tatu ni kifua kikuu, na ndilo linalonitisha zaidi. Kinachobadilika hapa ni kijidudu, wala si mwili. Mgonjwa anayeacha vidonge katika mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimetulia huwapa nafasi ya kuzaana vijidudu vilivyostahimili rifampisini na isoniazidi. Mwili uliozoea dawa hauambukizi mtu. Kijidudu sugu huambukiza, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja. Je, ni haki kuyaeleza mambo haya kwa neno lile lile?

Kaskazini Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1976, huko Wajir, Mwitaliano Annalena Tonelli alianza kuwatibu wafugaji wahamaji wenye kifua kikuu kwa kuwaweka katika manyatta, wakimeza dawa mbele ya msimamizi hadi muhula wa tiba uishe. Wengi husifu usimamizi ule. Mimi naona manyatta ilimpa mgonjwa kitu kingine pia, nacho ni muda wa kuuliza na kuuliza tena. Mgonjwa wa leo hupata dakika chache tu mbele ya daktari, na neno moja hulazimika kubeba maelezo yote.

Watakuwapo watakaosema kwamba Msomali aelezwe kwa Kisomali. Sawa kabisa. Lakini muuguzi aliyetoka Kitui au Kisii hukutana naye katika Kiswahili, na hata mkalimani hutafsiri neno alilopewa. Akipewa lenye utata, atautafsiri utata.

Maoni yangu ni kwamba "usugu" tuuachie vijidudu. Magonjwa yasiyoisha tuyaite "maradhi ya kudumu", jina ambalo tayari linatumika. Mwili unaohitaji kipimo kikubwa zaidi tuseme una "mazoea ya dawa", na kisukari kinachopanda tuseme "kimekua". Sidai kwamba haya ndiyo bora. Hata "kudumu" huenda kukamkatisha mtu tamaa. Kwa hiyo kabla kamati yoyote ya istilahi haijaketi, wenzetu walioko Garissa na waende kwenye foleni ya kliniki wawaulize wagonjwa wenyewe: ukiambiwa ugonjwa wako ni sugu, wewe huelewa nini?