Waliopiga Kura Bila Kutazama Wasitufunge Midomo

Kuna kauli imenikera, na safari hii siiachi ipite. Niliisikia hotelini hapa Ntimaru, Kuria Mashariki, kwenye meza ya chai na mandazi, vijana wa bodaboda wakibishana nani atabeba Oscar. Mgeni mmoja aliyefika kutoka Nairobi kwa shughuli zake aliweka kikombe chini akawaambia: "Vijana wangu, mtu habashiri tuzo ya filamu ambayo hajaitazama. Haya mambo yana wenyewe." Wale vijana wakanyamaza kwa adabu, maana huku kwetu mgeni mzima hakatizwi. Yeye amekwisha kwenda zake. Mimi bado nipo, na jibu langu ndilo hili.

Kama ingekuwa kauli ya mtu mmoja ningeiacha. Lakini ni imani iliyoenea. Utaisikia kwa walimu, utaisikia redioni, utaisikia kwa watoto wetu waliotoka chuo likizo: kwamba tuzo za filamu ni mtihani wa wasomi, na mtu wa kawaida, hasa wa kijijini, akitaja jina la mshindi anaropoka. Atazame kwanza, ndipo afungue kinywa.

Vyema. Nami nauliza: waliopiga kura walitazama?

Tuzo za Oscar zilitolewa mara ya kwanza Mei 1929, katika hoteli ya Roosevelt kule Hollywood. Tangu hapo, katika vipengele vikubwa vinavyotukesha macho, mpiga kura hakulazimishwa kuthibitisha kwamba ametazama filamu zote anazozihukumu. Ni Aprili 2025 ndipo Akademi inayotoa tuzo hizo ilipotangaza kwamba, kuanzia tuzo za mara ya 98, mwanachama hatapiga kura ya mwisho katika kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Kutoka 1929 hadi 2025 ni miaka 96 ya kuaminiana kwa maneno. Na hata chini ya sharti hilo jipya, mwanachama akisema filamu aliionea kwingine, kwenye tamasha au ukumbini, anajaza fomu kueleza aliiona lini na wapi. Anajaza fomu, basi. Huyo ndiye mwenyewe wa mambo. Huyo ndiye tunayeambiwa tumwachie.

Mfano ulio karibu zaidi na mioyo yetu ni wa 2014. Filamu ya 12 Years a Slave ilitwaa tuzo ya filamu bora, na Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o ambaye wakati huo alikuwa seneta wa Kisumu, akatwaa ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Siku zile zile gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba wapiga kura wawili walikiri faraghani kuwa hawakuitazama filamu hiyo. Waliogopa ingewaumiza moyo. Waliipigia kura hata hivyo, kwa kuona kwamba uzito wa kisa chake unawawajibisha. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo polepole. Mtu mwenye kura, mwenye kadi ya uanachama, mwenye filamu aliyotumiwa bure hadi sebuleni kwake, hakuitazama, akapiga kura, na kura yake ikahesabiwa. Kijana wa Ntimaru asiye na kura anakatazwa hata kutaja jina.

Mwaka huo huo, fundi mmoja wa simu hapa sokoni alimtaja Lupita mapema, na wapo waliomcheka. Mshindani wake, Jennifer Lawrence, alikuwa amechukua Golden Globe mwezi Januari kwa American Hustle, na Februari akaongeza BAFTA ya Uingereza. Fundi hakuyumba. Alisema chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, kimempa Lupita, na waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi. Golden Globe hupigiwa kura na waandishi wa habari, na waandishi hawana kura kwenye Oscar. Ndiyo hoja yake yote, na alfajiri ya Jumatatu, 3 Machi 2014, ikathibitika. Filamu yenyewe ilimfikia baadaye, kwenye flashi. Alichokuwa amekitazama kwa makini ni wapiga kura.

Hapo ndipo wakubwa wetu wanapokosea kabisa. Anayebashiri haulizi filamu ipi ni nzuri. Anauliza watu fulani watachagua nini, na hao watu wanajulikana. Uchunguzi wa Los Angeles Times wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu asilimia 94 ya wapiga kura wa Akademi walikuwa Wazungu, asilimia 77 wanaume, na nusu yao walikuwa na miaka 62 au zaidi. Mwenye takwimu hizo tatu alikuwa na silaha ya kubashiri kuliko aliyekaa gizani akatazama filamu zote. Hapa Kuria Mashariki mtu anakwambia nani atachukua kiti bila kusoma manifesto hata moja. Anajua ukoo wa Abairege una watu wangapi, wa Abanyabasi una wangapi, nani amekosana na nani, nani alionekana kwenye mazishi ya nani. Hakuna mgeni aliyewahi kumwambia anyamaze kwa sababu hajasoma manifesto. Wageni hao hao huja kumuuliza yeye.

Na waliotazama zote, wamebashiri vipi? Mwaka 2021 waandalizi wa sherehe yenyewe walibadilisha utaratibu wa miaka mingi, wakaiweka tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwisho kabisa, baada ya filamu bora. Dunia nzima ikaelewa kwamba wanamwandalia marehemu Chadwick Boseman buriani yake. Bahasha ikafunguliwa, akatajwa Anthony Hopkins wa The Father, mzee wa miaka 83, ambaye ukumbini hakuwepo. Alikuwa amelala kwao Wales. Sherehe ikaishia hapo, hakuna wa kusema neno. Wenye shughuli yao, wenye filamu zote mkononi, walikosea mbele ya dunia nzima. Mwaka 2019 wajuzi walimpa Glenn Close tuzo ya mwigizaji bora wa kike kabla ya siku, akabeba Olivia Colman. Mwaka 2025 wengi wao walisema Demi Moore, akabeba Mikey Madison. Kutazama hakukuwasaidia.

Kuna hoja nyingine inayotolewa dhidi yetu, na hii hutoka mimbarini: eti kubashiri tuzo ni kamari. Kamari ya nini? Hakuna shilingi iliyowekwa mezani. Mtu anasema jina, anatoa sababu, anangoja. Kama kusema jambo litatokea kabla halijatokea ni kamari, basi mkulima anayetazama wingu na kusema kesho mvua ni mcheza kamari, na mwalimu anayesema darasa lake litafaulu ni mcheza kamari, na mhubiri mwenyewe anayewaahidi waumini kwamba mwaka huu ni mwaka wa kuvuka naye yumo kundini. Hoja hiyo haina miguu. Vijana wanaoangamizwa na kamari ya kweli kwenye simu wapo, tunawajua kwa majina, na mimbari hiyo hiyo imewanyamazia.

Turudi kwenye kutazama. Tutatazamia wapi? Ntimaru haina jumba la sinema. Tuna kibanda cha video chenye benchi za mbao, na tuna kijana mwenye kompyuta anayekuwekea filamu kwenye flashi. Kinachofika huko ni filamu za risasi na magari, nyingi zikiwa zimetafsiriwa na DJ Afro, na simlaumu. Huyo amewafanyia kazi watazamaji wa mashambani ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuifanya. Filamu zinazowania tuzo zinafika zikiwa zimechelewa, au hazifiki. Stima inakatika katikati ya hotuba ya mshindi. Ukisema utumie simu, tuko jirani na Tanzania kiasi kwamba mtandao unahama wenyewe kuvuka mpaka, na data uliyoinunua kwa pesa yako inayeyuka ukiwa umeketi kwenye kiti chako mwenyewe, katika nchi yako mwenyewe. Hilo nalo tumelalamikia hadi tukachoka.

Hata filamu za Kenya hatuzioni. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilialikwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika tamasha hilo, huku hapa nyumbani ikiwa imepigwa marufuku. Septemba mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, ili itimize sharti la kupendekezwa kwa Oscar. Msomaji wa Ntimaru, ulikuwa wapi siku hizo saba? Ungesafiri hadi jiji gani, kwa nauli ya nani? Mwishowe Kenya ilituma Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa, na nayo nimeona watoto wangapi wa hapa wakiitazama? Hakuna. Wanaotunyima filamu ndio wanaotukaripia kwamba hatujazitazama.

Tena wakihitaji kitu kwetu, sharti hilo linasahaulika. Tuzo za Kalasha, zinazoandaliwa na Kenya Film Commission tangu 2009, huomba umma upige kura. Hapo tunahimizwa, tunabembelezwa, tunaambiwa tujivunie cha kwetu. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: ndugu wa Kegonga, mama wa Kehancha, filamu hii umeitazama? Kura yetu inatakiwa, maoni yetu hayatakiwi.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno "wenyewe." Hizi tuzo zina sisi ndani yake kuliko wanavyokubali. Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya, iliondoka na Oscar 7 mwaka 1986, ikiwemo ya filamu bora. Nowhere in Africa, ya Wajerumani, nayo ilipigwa Kenya, na mwaka 2003 ikabeba tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni, Kiswahili kikisikika ndani yake na Sidede Onyulo akiigiza kama Owuor, mpishi anayeibeba familia anayoitumikia. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin, akashinda mwaka 2007. The Constant Gardener ilipigwa Kibera na Loiyangalani, ikampa Rachel Weisz tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mwaka 2006. Miongoni mwa wasaidizi waliokuwa wakitumwa huku na huko katika utengenezaji wake alikuwemo binti mmoja wa Kikenya anayeitwa Lupita Nyong'o. Miaka minane baada ya tuzo hiyo ya Weisz, alisimama jukwaani kupokea tuzo ya kipengele kile kile.

Mwaka 2018 filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg pamoja na waigizaji wetu, kwa Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa. Inasimulia basi la Mandera la Desemba 2015, Waislamu walipokataa kuwatenga abiria Wakristo mbele ya bunduki za al-Shabaab. Haikushinda. Mwaka 2024 filamu kuhusu Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, iliteuliwa kati ya filamu za hali halisi, na hapa kuna waliobashiri kwa moyo wao wote kwamba ingeshinda. Ilishinda 20 Days in Mariupol. Waliobashiri kwa moyo walikosea, na walikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo, kwa kuwa ile ilikuwa siasa ya jirani yetu, na uchungu wake tunaujua bila kuonyeshwa.

Mandhari yetu yanafaa. Lugha yetu inafaa. Msiba wetu unafaa. Kijana wetu akisema "nadhani fulani atashinda," anaambiwa hayo yana wenyewe. Kauli hiyo ni dharau, na dharau haigeuki kuwa elimu kwa sababu imesemwa kwa sauti ya upole.

Naziomba redio za Migori na Homa Bay zifanye jambo moja. Ijumaa kabla ya sherehe, fungueni laini za simu kwa saa moja, wasikilizaji wataje majina na sababu zao, na Jumatatu asubuhi wasomewe matokeo. Mpira mnaupa saa nne kila wikendi. Saa moja kwa mwaka haitawafilisi.

Nawe msomaji, orodha ya wanaowania hutoka Januari. Fuatilia chama cha waigizaji kimempa nani, fuatilia chama cha waongozaji kimempa nani, andika majina yako kwenye daftari, kisha uyatetee popote utakapoketi. Sherehe huanza saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu. Chaji simu mapema, na usimwombe mtu yeyote ruhusa.